Taa Iliyowaka Mpaka Jumapili

Ndege ilijigonga mlimani Alhamisi usiku ikijiandaa kutua. Kufikia Ijumaa saa tatu asubuhi, Bosi wa uwanja wa ndege alikuwa ameshapata wa kumbebesha lawama: fundi wa taa. Watu arobaini na mmoja walikuwa bado wanaokotwa huko juu, na Bosi amenyoa ndevu, amejipulizia manukato, anawakaribisha wakaguzi wawili kama wamekuja kuposa.

Mke wa fundi ndiye mfagizi wa ofisi ile. Mumewe alikuwa nje kwenye benchi, katikati ya askari wawili, pingu mikononi. Yeye aliambiwa apange vikombe na kufuta meza kama kawaida, maana kwa Bosi mfagizi na kitambaa chake ni kitu kimoja.

"Kileleni kuna mlingoti wenye taa nyekundu ya kuwaonya marubani," Bosi alieleza, kwa huzuni ya kuazima. "Fundi ananiletea habari kila jioni kwamba inawaka, mimi nasaini. Kumbe taa imekufa mwezi mzima. Mshahara anakula, mlimani hapandi."

Mke wa fundi aliendelea kufuta. Barua tatu za mumewe za kuomba taa mpya alizikuta kwenye pipa la chumba hiki hiki, akazimwaga pamoja na maganda ya machungwa, hakujua kwa nini zimetupwa. Lakini daftari la taarifa za taa alilijua. Miaka sita alimwona Bosi kila Jumatatu, akishashiba chai, analivuta, anaandika "inawaka" mara saba, anapiga saini saba, analifunga. Wiki imekwisha. Mkono ukishapata moto, husema, usiukatishe.

Sasa Bosi alilifungua mbele ya wageni, akaweka kidole kwenye Alhamisi. Kiganja chake kinene kilifunika mistari ya chini.

"Someni wenyewe."

"Samahani, Bosi," mke wa fundi alisema. "Inua mkono kidogo, chai imemwagika hapo."

Hakumtazama hata usoni. Aliuinua, kama anayempisha nzi.

Mkaguzi mkubwa, mama wa makamo, aliinamia ukurasa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Leo siku gani, baba?"

"Ijumaa, mama."

"Na huo mlingoti uko wapi?"

"Ndege imeuzoa. Umelala bondeni vipande vipande."

"Hapa umesaini kwamba leo jioni taa yake inawaka. Kesho inawaka. Jumapili nayo inawaka. Habari za Jumapili fundi alikuletea lini?"

Bosi alilitazama daftari kama mgeni asiyealikwa.

"Sisi huku," alisema, "tunapanga kazi mapema."

Mkaguzi wa pili aliacha kuandika. Yule mama alilifunga daftari, akalitia kwenye mkoba wake, kisha akamwomba mfagizi awaite askari, waje na ufunguo wa pingu. Mke wa fundi alikibwaga kitambaa mezani, kibichi hivyo hivyo, akatoka.