Mikono ya Saa Mbili Usiku

Kiwanda cha mikate kilipomhamishia zamu ya usiku, kaka wa mkalimani wa runinga hakulalamikia usingizi wala joto la tanuri. Alilalamikia taarifa ya habari. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, na kwa miaka tisa hakuwahi kukosa kuketi mbele ya runinga saa mbili kamili usiku, kumtazama mdogo wake akifasiri habari kwa lugha ya alama kwenye kile kidirisha kidogo pembeni mwa skrini. Sasa ikifika saa moja na nusu alikuwa keshavaa aproni yake nyeupe na kutoka. Akirudi asubuhi, habari za usiku zilikuwa zimeshakuwa za jana.

"Nirekodie," alimwambia mdogo wake siku moja mlangoni. Akamalizia kwa jina lake la alama: kidole gumba kikigusa kidevu, pale penye kishimo. Jina hilo kaka ndiye aliyempa walipokuwa wadogo, na viziwi wote wa mji ule walilijua kuliko lile lililoandikwa kwenye cheti.

Mkalimani alikubali, ingawa kwa shingo upande. Si kwamba hakumpenda kaka yake. Walikuwa wamebaki wawili tu katika nyumba ya wazazi wao, vyumba vitatu na ua, na hawakuwa na ugomvi. Ila alikuwa hoi. Asubuhi alifasiri mahakamani, mchana mara nyingi aliitwa hospitali, jioni alisimama studio mbele ya kitambaa cha kijani, sauti ya msomaji habari ikimpigia sikioni. Mabega yalimwaka moto hata akichana nywele. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea kazi nyingine, hata ndogo, ataitazama kama mlima.

Alimweleza shida yake fundi mitambo wa kituo, mtu mpole ambaye kila mtu alimwita Kebo. Kebo akamtafutia kompyuta ya zamani iliyokuwa ikila vumbi stoo, diski kubwa, na kifaa kidogo cha kunasa mawimbi ya antena. Akamwambia vyuma si tatizo. Kinachotoa watu jasho ni programu. Ziko tatu zinazosifiwa, alisema, na kila moja ina mashabiki wake ambao kutwa wanatukanana mtandaoni. Ajaribu zote aone ipi inamfaa.

"Wewe ungechukua ipi, fundi?"

"Mimi sina kaka wa kumrekodia, dada. Kila nyumba ina yake."

Akaanza na ile aliyoibandika jina la Maridadi, kwa vile ilipendeza macho. Kila kipindi kilikuwa na picha yake, rangi zilitulia, na hata mtoto angejua pa kubonyeza. Lakini Maridadi ilitaka ufungue akaunti kwanza, kisha ikataka malipo ya kila mwezi ndipo ikubali kurekodi. Alilipa. Jumanne ya kwanza intaneti ya mtaani ikakatika, na Maridadi ikagoma kuwafungulia, wao wenyewe, nyumbani kwao, habari iliyokuwa kwenye diski yao chini ya meza yao. Kaka mtu aliitazama ile skrini ikizungusha kiduara chake, akaenda kulala.

Ya pili ilikuwa ya bure kabisa. Haikutaka akaunti wala senti, na waliokuwa wakiitengeneza walifanya hivyo kwa mapenzi tu. Hiyo aliipenda kwa roho, lakini iliachia kila kitu mikononi mwake. Ratiba ya vipindi alitakiwa kuitafuta mwenyewe na kuilisha. Alipoilisha, ikakubali, ila ikawa saa tatu nyuma. Siku nne mfululizo kaka yake aliamka mchana akakuta amerekodiwa mchezo wa kuigiza wa mama mkwe na wake wenza. Siku ya tano alimwuliza kwa utaratibu kama huyo mama mkwe hatimaye alihama ile nyumba.

Saa ziliporekebishwa, likazuka la pili, na hili hakuna shabiki yeyote mtandaoni aliyewahi kulitaja. Ile programu, ili kuokoa nafasi, ilikuwa ikiikamua picha kabla ya kuipeleka kwenye runinga. Kwa mtu anayesikia, picha ilikuwa safi: uso wa msomaji, tai yake, ramani nyuma yake. Lakini vidole vya mkalimani, vilivyokuwa vikienda mbio katika kidirisha kile, viligeuka moshi. Alama tatu tofauti zilionekana kama mtu anafukuza nzi. Kaka yake alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akarudi nyuma, akatikisa kichwa.

Ndipo alipofikia ya tatu, Kongwe. Ilikuwa na sura mbaya. Maandishi madogo, masanduku ya kijivu, majina ambayo hayakumwambia kitu. Ilimla asubuhi zake za Jumamosi tatu. Ila ilikuwa na sifa moja: ilichokipokea kutoka kwenye antena ilikiweka vilevile, bila kukikamua, bila kukipamba. Kebo akamwonyesha jinsi ya kuiacha Kongwe irekodi na ile ya bure ionyeshe, ikiwa imekatazwa kugusa picha. Akafungua habari za juzi, akatazama nusu dakika ya mwanzo, salamu na muhtasari, akahesabu vidole vyake kumi. Vilionekana. Akazima, akajinyoosha kwenye mkeka sebuleni, na pale pale usingizi ukamchukua.

Angeweza kuishia hapo. Lakini kurekodi kunakuja na kitufe cha kusimamisha.

Kwa miaka tisa mikono yake ilikuwa imepita kama maji. Aliyekosa neno alikuwa amelikosa. Sasa kaka yake aliweza kumsimamisha katikati ya sentensi, kumrudisha nyuma, kumtazama tena. Kila alasiri, mkalimani alipoingia ndani kuvua viatu kwa saa moja kabla ya kwenda studio, alikuta karatasi mezani. Dakika ya nne na nusu: hapa umesema nini? Dakika ya kumi na moja: ni wilaya ngapi? Dakika ya kumi na tisa: nani amejiuzulu, waziri au naibu? Alimjibu amesimama, kwa mkono mmoja, mwingine ukishika kikombe. Siku ya kwanza maswali yalikuwa manne. Wiki ya pili yalifika kumi na moja.

Yalimchoma. Mahakamani hakimu alimkatiza, hospitali daktari alimharakisha, na sasa nyumbani kwake mwenyewe amewekewa mkaguzi. Tena si mkaguzi wa kupuuzwa. Huyu ndiye aliyemfundisha lugha yenyewe, uani, mkalimani akiwa na miaka mitatu. Akianza kuulizwa na huyu umesema nini, basi ameanza kuoza kazini. Studio akawa anajitazama mikono badala ya kusikiliza, na kwa kujitazama akakosea kwelikweli.

Jumatatu moja asubuhi akafungua Kongwe, akaondoa alama ya kurekodi mbele ya habari za saa mbili, akafunga. Mchana akamwambia kaka yake kuwa programu imeharibika tena.

Kaka yake aliamini. Kwa nini asiamini, baada ya mama mkwe na viduara na moshi wa vidole? Alimpigapiga begani, akamwambia asihangaike, atapumzika kwanza.

Siku tano hapakuwa na karatasi mezani. Mkalimani alikunywa chai yake ameketi. Roho ilimsuta kidogo, lakini mwili ulifurahi, na mwili ndio uliokuwa na sauti kubwa zaidi.

Jumamosi alirudi kutoka hospitali mapema. Kaka yake alikuwa sakafuni sebuleni. Kompyuta ilikuwa imefunguliwa tumbo, skrubu zimepangwa juu ya gazeti kwa ukubwa wake, na yeye, kwa brashi ya kupakia mikate siagi, alikuwa akiondoa vumbi kwenye feni, polepole, kama anayeosha kidonda. Macho yalikuwa mekundu. Alieleza kwamba tangu Jumanne amekuwa akijaribu kila mchana. Amesoma mtandaoni kuwa vumbi huweza kuleta hitilafu ya namna hiyo. Saa nane mchana ilikuwa imepita, na alikuwa hajalala tangu atoke kazini.

Mkalimani aliketi chini, mkoba ungali begani.

"Haijaharibika," alisema kwa mikono. "Niliizima mimi."

Kaka yake aliiweka brashi juu ya gazeti.

"Maswali yako yamenichosha. Kutwa nafasiri, nikirudi nasahihishwa."

Kaka yake alimtazama, kama aliyekuwa akiirudisha nyuma ile sentensi. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika.

"Ungeniambia umechoka," alisema hatimaye. "Kuchoka ninakujua. Lakini nimekusahihisha lini?"

Akainuka, akairudishia kompyuta skrubu zake moja moja, akaiwasha, akafungua habari za wiki mbili nyuma, dakika ya nne na nusu. Akamwashiria mdogo wake asogee. Ilikuwa mara ya kwanza mkalimani kutazama zaidi ya ule muhtasari wa mwanzo.

Alijiona amesimama katika kidirisha chake. Kisha chini ya skrini ukapita mkanda mwekundu wa matangazo ya biashara, magodoro na rangi za nyumba, mnene. Ulipita juu ya kidirisha. Kutoka kifuani kwenda chini hakuwa na mikono. Uso wake uliendelea kueleza jambo zito, nyusi zikipanda na kushuka, na mikono ikiwa imezama katika magodoro. Dakika ya kumi na moja, vivyo hivyo. Dakika ya kumi na tisa, vivyo hivyo. Kila swali aliloachiwa mezani lilikuwa na mkanda wake.

Alimwuliza kwa nini hakumwambia.

"Nilidhani unajua. Si unafanya kazi hapo?"

Hakuwa akijua. Studio hakuna skrini ya kujitazama. Yeye huona kamera na kitambaa tu, na kazi ya kumbandika pembeni hufanywa chumba kingine. Mkanda ulikuwa umeletwa miezi saba iliyopita, karibu sawa na ile zamu ya usiku. Miezi saba viziwi wote wa mji walikuwa wakila habari nusu, na kila mmoja, huenda, akidhani mkalimani kaanza kuzembea, au kwamba ndivyo mambo yalivyo siku hizi.

Jumatatu alikwenda kwa mhariri wa habari akiwa na rekodi kwenye simu na karatasi za kaka yake ndani ya bahasha. Mhariri hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mambo mengi mezani, na alianza kueleza kwamba mkanda ni wa idara ya matangazo, na idara ya matangazo ndiyo inayolipa mishahara. Mkalimani hakubishana, hakuwa na nguvu za kubishana. Aliweka simu mbele yake na kuomba jambo moja: atazame dakika ya kumi na moja bila sauti, kisha aseme kwa maneno yake maji yatakatwa katika wilaya ngapi.

Mhariri alitazama. Akarudisha nyuma, akatazama tena. Akavua miwani.

"Nipe muda kidogo, dada," alisema.

Muda kidogo ukawa wiki tano. Katika wiki hizo mkalimani alifanya alichoweza: aliinua mikono. Alifasiri habari nzima akiwa ameipandisha hadi usawa wa kidevu, juu ya mahali mkanda ulipofika, kama mtu anayevuka mto na mzigo kichwani. Nusu saa kila usiku. Akitoka studio hakuweza kufunga kifungo cha shati bila kuuma meno. Alirudishia alama ile kwenye Kongwe, na maswali mezani yakapungua: mawili, moja, moja, hakuna. Kaka yake naye alianza kumwachia maji ya moto kwenye chupa kabla ya kutoka, na taulo, kwa ajili ya mabega.

Wiki ya sita Kebo alimpigia simu kumwambia kuwa uamuzi umepita. Kidirisha kimepandishwa juu ya mkanda, na kimeongezwa upana wa vidole viwili, ila kwa habari za saa mbili tu. Za mchana bado zinajadiliwa. Alishukuru. Usiku ule alifasiri, na kesho yake alasiri akakuta karatasi mezani yenye mstari mmoja: sasa mikono yako inatoka nje ya kidirisha kwa juu. Mazoea yalikuwa bado yameibeba huko angani. Ilimchukua siku nne kuifundisha kushuka, na hakumbuki ni lini amewahi kufundishwa jambo tamu kama hilo.

Haikupita hata wiki mbili, Kongwe ikatoa ilani kwa maandishi yake madogo kwamba diski imejaa. Kwa kuwa haikukamua chochote, ilikuwa imemeza nafasi yote. Kaka yake alitaka pawepo nafasi ya mechi za Jumapili, lakini pia hakutaka kufuta habari hata moja. Alisema huwezi kujua lini mtu atazihitaji. Walivutana kidogo jikoni, mikono ikiruka juu ya sufuria, hadi kaka yake akatazama saa, akavaa aproni na kutoka kwenda kazini.

Kwa mkalimani ilikuwa siku ya mapumziko. Aliketi mbele ya kompyuta, akachagua siku arobaini za yeye mwenyewe, zile za mikono iliyozama, ila mbili ambazo mhariri alikuwa ameomba zihifadhiwe. Programu ikamwuliza kama ana hakika. Alibonyeza ndiyo, akaagiza mechi ya Jumapili irekodiwe, akamimina kwenye beseni maji ya moto aliyoachiwa na kaka yake, akachovya taulo.