Mistari Miwili kwa Mama Mmoja

Hakuna kitu karani wa kumbukumbu za wodi ya wazazi alichokichukia kama mtu kuandikwa mara mbili kwenye kompyuta. Sasa siku hiyo ile programu ya kila siku yenye vitufe vya rangi ilikuwa imegoma, na kaka yake kamsimamia kichwani, roho mkononi. Mke wa kaka huyo alikuwa ameingia kujifungua tangu asubuhi na hakuna muuguzi aliyemwambia mumewe hata neno moja.

"Dada, chungulia basi! Wazima?"

"Hebu nipishe nipumue!"

Akafungua lile dirisha jeusi lisilo picha wala kitufe, unaliuliza kwa maandishi nalo linakujibu kwa maandishi. Akaandika: nipe watoto wote wa mama huyu. Akabonyeza. Kimya! Kishale kinapepesa tu.

"Imekufa?" kaka akauliza, jasho linamtiririka.

"Nimesahau nukta mkato mwishoni. Bila hiyo inadhani bado naongea."

Akaiweka. Jibu likaja chap: mistari miwili, mama mmoja.

"Ona sasa!" akafoka. "Mtu wa zamu kabonyeza mara mbili! Watu gani hawa?" Vidole vikaanza vyenyewe kuandika amri ya kufuta mstari wa pili.

"Dada, ngoja. Mbona huyu wameandika wa kiume, na huyu wa kike?"

Kidole kikaganda juu ya kitufe. Akasoma. Akasoma tena.

"Mapacha!" Ukelele aliopiga uligeuza foleni nzima ya nje. "Jamani, mapacha! Nimekuwa shangazi mara mbili!"

"Mbona aliniambia mmoja?"

"Si alikuficha! Wewe unavyozimia ukiona sindano?"

Akaruka, kiti kikaanguka. Lakini kaka hakucheka. Akamshika mkono.

"Na mama yao?"

Karani akaifuta ile amri herufi kwa herufi, akauliza upya. Jibu: mama, hali nzuri.

Kaka akakaa sakafuni pale pale, anacheka huku analia.

"Dada, ulikuwa unamfuta yupi?"

"Huyo wa pili."

"Binti yangu! Hata jina hana, shangazi yake keshamfukuza duniani!"

Wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Halafu karani akashtuka kwelikweli kwa alichokaribia kukifanya, akatoka mbio kuelekea wodini. Alipofika hakumsalimia mtu. Akamnyanyua wa kike kwanza, akamwomba radhi.