Sufuria Iliyoachwa Garini

Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2014, saa saba kasoro dakika kumi mchana, katika manyunyu ya baridi, mpwa wangu Japhet alizima gari mbele ya nyumba ya Waitalia, kaskazini mwa Toronto, akaanza kutusomea sheria kutoka kwenye simu. Tambi hazikatwi kwa kisu. Kahawa ya maziwa haiombwi baada ya chakula. Upuuzi huo aliuita maandalizi. Mimi nilifundishwa adabu za mezani na mapadre, katika shule ya bweni, kabla mama yake hajaolewa.

"Na hiyo sufuria ibaki humu, mama."

Dada yangu Otilia alikuwa ameamka alfajiri kupika tambi za sukari, kwa tui na iliki, zawadi kwa wazazi wa Loredana, binti ambaye Japhet alikuja kumposa.

"Mgeni haendi mikono mitupu, mwanangu."

"Tambi na sukari, kwa Waitalia? Watatucheka mpaka Krismasi!"

Nilimwambia anafanya upumbavu. Akanijibu kwamba nimepitwa na wakati.

Mezani alizungusha uma kama mtoto anayeogopa fimbo, akimsifu bibi wa nyumba, mama wa Loredana, kwa Kiitaliano cha kukariri. Bibi hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama Otilia.

"Mama yako hakupika chochote cha kutuonjesha?"

"Hapiki siku hizi," Japhet alijibu haraka. "Hajui hata kuchemsha maji."

Otilia, ambaye Kiingereza anakisikia vizuri, aliweka uma chini. "Nimepika. Kimo garini. Mwanangu amesema ni aibu."

Mzee Carmelo, baba wa binti, alifuta mdomo taratibu. "Umejifunza kula kama sisi, kijana. Mama yako unamkana kwenye meza yangu? Habari ya posa leo sitaki kuisikia."

Loredana aliinamia sahani yake. Japhet akanivuta hadi ukumbini.

"Mjomba, niokoe. Sema wewe ndiye uliyesahau sufuria, na mama amechanganya mambo, ni uzee. Nilikupeleka hospitali kila Alhamisi, miezi mitatu, kwenye theluji. Nakudai!"

"Ni kweli, unanidai," nilimjibu. "Lakini kumfanya dada yangu mwongo mbele ya watu ili wewe upate mke, hapana. Kwa njia hiyo silipi."