Mstari wa Rangi ya Kucha

Kama kuna kitu Fundi Sikio hakukivumilia duniani, ni mtu kugusa nati aliyokwisha kuitia mstari. Ungemtania angecheka, ungechelewa angekusubiri, ungempiga kumbo chai ikamwagika angesema bahati mbaya. Lakini nati yenye mstari, thubutu! Desturi yake ilikuwa hivi: akishakaza nati akaridhika nayo, alitoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva, alichoachiwa na binti yake alipoolewa, akachora mstari mmoja mwembamba kuanzia juu ya nati mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika. Mstari ukiwa mzima, nati haijaguswa, usiipotezee muda. Kwa miaka thelathini hakuwahi kufungua nati yenye mstari mzima, na hakuwahi kujuta.

Jina la Sikio alipewa na watu kwa sababu alizitibu injini kwa kuzisikiliza. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayounguruma, akabana mpini wake sikioni, akafumba macho kama mtu anayemegewa umbea. Kisha angesema, "Valvu ya moshi, imelegea." Wakifungua, ni hiyo hiyo. Ila kabla hawajafungua, alimkabidhi mwenzake ile bisibisi: "Sikiliza na wewe." Mwenzake alikuwa mrefu, mwembamba, kichwa kidogo, basi watu hawakuhangaika kumtafutia jina: Bisibisi. Walianza kazi pamoja wakiwa vijana, wakaoa mwaka mmoja, wakawa chanda na pete. Mtaani walisema Sikio akikohoa, Bisibisi ndiye anayekunywa dawa.

Miaka miwili nyuma, lori lilimfuata Sikio upande usio wake. Pikipiki yake ikawa chuma chakavu, na kifundo cha mguu wa kushoto kikaungwa kwa vyuma, hakikunjiki tena. Alilala kitandani miezi minne. Mkewe alimlisha, alimwogesha, alimgeuza ubavu huu na huu. Aliposimama na mkongojo kwa mara ya kwanza, hata mlangoni kuona watu hakwenda. Alikwenda karakana yake, chumba cha uani, yalikowekwa mabaki ya pikipiki, akakaa juu ya ndoo, akaanza kuyapanga.

Mkewe alisimama kizingitini. "Utaipanda tena?"

"Nitaipanda, mama watoto."

Mke hakuongeza neno, akarudi jikoni. Sikio akadhani amekubali. Wanaume nao! Mwanamke akinyamaza, wao huona wamepewa ruhusa.

Sasa, mguu wa kushoto ndio unaopandisha gia, na mguu usiokunjika haupandishi kitu. Ila kukandamiza uliweza. Basi Sikio akaupa mguu klachi, na gia akaihamishia mkononi. Alikata chuma cha kitanda kilichovunjika, akakipiga tupa siku tatu, akaunda fimbo inayotoka kwenye injini mpaka ubavuni mwa tangi, na juu ya fimbo akafunga kitasa cha mlango, cha shaba, cha duara, kinachojaa kiganjani. Fremu akainyoosha, kiti akakishusha, ili miguu yote miwili ifike chini bila kuomba msaada. Jirani mmoja alichungulia akauliza, "Fundi, ukitaka kuingia gia ya tatu, unabisha hodi?"

"Nabisha," akajibu Sikio, "na nakaribishwa."

Bisibisi alikuja kila Jumamosi kusaidia. Ikifika saa nne mke angeita, "Baba, maji yamechemka!" na Sikio angeingia ndani akandwe mguu. Nusu saa nzima mkewe alimkanda kwa kitambaa cha moto, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, huku Bisibisi akibaki karakana kufagia na kupanga spana. Sikio alifumba macho akiwaza kwamba kuna watu wana mali nyingi ila hawana mke kama huyu wala rafiki kama yule. Siku moja alipofumbua macho aliona kucha za miguu za mkewe zimepakwa rangi ya waridi yenye vimeta, kwa ajili ya harusi ya mpwa wake.

"Loo, vimeta! Mama watoto, kwani bibi harusi ni wewe?"

"Na wewe mguu wako ndio umevunjika, mdomo mzima kabisa," akasema mkewe. Wakacheka mpaka maji yakapoa.

Pikipiki ilikamilika. Mtu anayepiga kiki kuiwasha lazima asimame imara kwa mguu wa kushoto, na wa Sikio haukumwamini tena, kwa hiyo mpigaji akawa Bisibisi. Siku ya kwanza alipiga mara arobaini. Injini ikakohoa, ikarusha mguu wake nyuma, ikanyamaza. Jumamosi ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Sikio alibadilisha plagi. Alifungua kabureta mara sita, akaiosha mpaka ungeweza kuinywea maji. Alipima koili, akafuata kila waya kwa kidole. Aliweka bisibisi sikioni huku Bisibisi akipiga kiki, akasikia kikohozi tu, hakusikia kinatoka wapi. Alifungua kila kitu isipokuwa nati zenye mstari mzima. Hizo alizipita, kama alivyofundisha wengine wazipite.

Miezi mitano ikapita hivyo. Jamani, fundi asiyeweza kuwasha pikipiki yake mwenyewe, nani atamletea yake? Wateja walikatika mmoja mmoja, tena kwa heshima, jambo ambalo linauma zaidi. Sikio akaanza kuogopa injini. Akisikia moja inapita barabarani alijaribu kuisoma, kisha akajiambia hapana, huenda nimekosea.

Jumamosi moja, wakinywa chai, alilitoa la rohoni. "Nadhani sikio langu lilifia kwenye lile lori."

Alisema hivyo akimtazama Bisibisi usoni. Alitaka kubishiwa. Alitaka aambiwe acha upuuzi wako, mzee, lete spana. Bisibisi alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Umri nao, ndugu yangu," akasema. "Si wewe peke yako."

"Umefanya kazi ya kutosha, baba," mke akadakia. "Pumzika sasa."

Sikio akaweka kikombe chini. "Basi Jumamosi ijayo uje na mkokoteni. Vifaa vyote chukua wewe, na pikipiki uivunje spea. Fundi asiyesikia anafuga kutu tu."

"Asante, ndugu yangu," akasema Bisibisi. Hata hapana ya kuzugia hakuitoa.

Alhamisi Sikio akafunga vifaa kwenye masanduku mawili, kisha akaisukuma pikipiki uani aioshe. Kitu cha kumpa mtu humpi kichafu. Karakana ile haikuwa na dirisha, ilikuwa na taa moja ya njano iliyofanya kila rangi ifanane na nyingine. Uani jua lilikuwa la saa sita, halina simile. Sikio akachutama kwa shida, akamwaga maji, akafuta injini kwa kitambaa. Mistari yake ikajitokeza mmoja baada ya mwingine, myekundu, imeiva, imefifia kwa miezi ya vumbi.

Mmoja ulikuwa unameta.

Ulikuwa kwenye nati ya sumaku, lile gurudumu zito la pembeni linaloamua cheche itoke wakati gani. Mstari mzima, mwembamba, umechorwa kwa mkono uliojua unachofanya. Ila ulikuwa wa waridi, na ndani yake vimeta vidogo vidogo vilikuwa vikimchekea.

Alikaa chini kwenye tope. Kisha akafungua nati yenye mstari mzima, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Sumaku haitoki kwa mkono, inataka pula, kifaa cha kuivutia. Pula waliyonunua kwa ubia ilikaa nyumbani kwa Bisibisi. Sikio akatoa bolti tatu kwenye sanduku alilokwisha kulifunga, akatoboa kipande cha bamba, akajiundia pula nyingine papo hapo. Sumaku ikatoka. Kati yake na mhimili hukaa kijipande cha chuma, hakizidi ukucha wa mtoto, kinachoizuia isizunguke ovyo. Nafasi yake ilikuwa tupu. Sumaku ilikuwa imezungushwa upana wa kidole kimoja, ikakazwa. Cheche ilikuwa inakuja wakati ambao si wake, na ingekuja hivyo mpaka kiama.

Kwanza alicheka. Nakwambia alicheka kwa sauti, peke yake, kwenye tope! Sikio halikufa. Alisikia kikohozi kwa sababu kulikuwa na kikohozi. Kisha kicheko kikakatika, maana rangi ile aliijua ilikopakwa. Na mkewe hakuwa na pula, wala hakujua sumaku inakaa upande gani. Akakumbuka maji ya moto. Akakumbuka nusu saa, kidole kimoja baada ya kingine, na yeye amefumba macho kama mfalme. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kikulacho kinaweza kuwa kinakukanda mguu.

Kama wangeichoma moto pikipiki, asingeumia hivi. Alijua hilo pale pale.

Alichonga kijipande kipya kwa tupa, akarudisha sumaku mahali pake, akakaza, akachora mstari kwa kichupa cha binti yake. Alimaliza kabla ya alasiri. Fundi aliyezeeka, ati. Siku mbili akala chakula cha mkewe, akasema asante, akakandwa mguu, akasema asante. Mkewe akamwona ametulia, akafurahi.

Jumamosi Bisibisi akaja na mkokoteni. Mke akatoa chai uani. Masanduku mawili yalikuwa mlangoni, pikipiki katikati, inang'aa.

"Kabla hujaichukua," Sikio akasema, "ipige kiki moja. Ya kuagana nayo."

"Ya nini kujitonesha, ndugu yangu?"

"Moja tu."

Bisibisi akapanda. Alipiga kivivu, kama mtu anayesukuma mlango anaoujua umefungwa.

Injini ikawaka.

Haikukohoa. Ilishika mara moja, ikatulia, ikaunguruma uani mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Na hapo Sikio hakuitazama pikipiki. Alimtazama mkewe. Mkewe naye hakuitazama pikipiki, wala mumewe. Alimgeukia Bisibisi, haraka, kwa jicho la kuuliza imekuwaje. Jicho lile lilitosha. Mpaka dakika hiyo Sikio alikuwa bado anajidanganya kwamba pengine kuna maelezo.

"Kijipande kipya nimekichonga mwenyewe," akasema. "Kile mlichokitoa sijui mlikitupa wapi."

Bisibisi akashuka. Mikono yake mirefu haikujua pa kukaa. "Shemeji alilia, ndugu yangu. Alilia mbele yangu. Ningefanyaje?"

"Ndiyo, nililia!" mke akasema, na machozi yakarudi. "Wewe hukuiona ile damu, ulikuwa umezimia. Mimi ndiye niliyeifua. Ningekukataza ungenisikia? Nilitaka mume aliye hai, hilo tu. Hilo ni kosa?"

"Hapana, hilo si kosa," Sikio akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, wakalazimika kusogea ili waisikie. "Ungelala mbele ya tairi. Ungemwaga mchanga kwenye tangi nikakuona, tukagombana mtaa mzima ukasikia. Ningekasirika wiki moja, nikapoa. Mimi nakujua, na wewe unanijua." Akamgeukia Bisibisi. "Lakini wewe. Nilikaa pale nikasema kwa mdomo wangu sikio langu limekufa. Nilikutazama wewe. Ulijua halijafa! Na ukaniambia umri."

"Nilidhani itapita. Nilidhani utazoea."

"Na ukatumia mstari wangu. Ulijua nati yenye mstari siigusi, kwa sababu ni mimi niliyekufundisha."

Mke aliinamia sinia, akaanza kukusanya vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa amevinywea.

Injini ilikuwa bado inaunguruma. Sikio akainama kwenye sanduku, akatoa bisibisi yake ndefu. Akaweka ncha kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho. Alisikia valvu, zote mbili, kila moja mahali pake. Alisikia cheni inapita bila kugusa. Hakuna kilicholegea. Miaka thelathini hakuwahi kusikia injini safi namna ile, na aliifanya kwa mguu mmoja.

Akafumbua macho, akageuka, akanyoosha mkono kumpa mwenzake bisibisi. Ilikuwa mazoea tu. Na Bisibisi naye, kwa mazoea yale yale, alikwisha kunyoosha wake kuipokea.

Mikono ikabaki hewani, vidole karibu vigusane. Sikio akaurudisha wake. Akatia bisibisi mfukoni, akazima injini, wakasikia maji yanachemka jikoni.

"Pula ile ibaki kwako," akasema. "Mimi nimeshapata nyingine."