Jumamosi ya Maji Mafu

Shemeji yangu Polikarpo anaamini maji ni maji. Alikulia Bukoba, akatajirika kwa maboti ya ndizi na dagaa ziwani, kisha akahamia Dar na kununua meli ndogo ya mizigo. Ziwa halina tabia ya kuondoka asubuhi na kurudi mchana. Ulipoliacha jana ndipo utakapolikuta leo. Akaja na akili hiyohiyo baharini, na aliyeumia ni mume wangu.

Mume wangu Audax ni mdogo wake. Polikarpo ndiye aliyemsomesha chuo cha ubaharia, na jambo hilo ukoo wao hautaki lisahaulike. Linatajwa kila Krismasi kabla hata ya sala ya chakula. Kwa hiyo Audax alikuwa nahodha wa meli ya kaka yake mpaka pale kaka anapofungua mdomo.

Wiki ile Polikarpo alikuwa anafungua duka la vifaa vya ujenzi kule delta ya Rufiji. Wageni walishaalikwa Jumamosi, mahema yalishafungwa, lakini saruji ya kujaza duka ilikuwa bado Dar. Alikuja kwetu Temeke, nikamwamkia, nikampa chai, nikakaa kusikiliza.

"Kaka, Jumamosi ni maji mafu," Audax alimwambia. "Maji yatajaa kidogo tu, na pale mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga. Tusubiri wiki ijayo, bamvua, maji yajae mpaka kwenye mikoko."

"Maji si yanajaa kila siku?"

"Yanajaa, ila hayalingani."

"Meli inaelea, Audax. Hiyo ishu ya mchanga inatoka wapi?"

Audax alichukua sufuria yangu, akaiweka kwenye beseni la maji. Ikaelea. Akatia unga ndani, ikashuka. Akaongeza, ikashuka zaidi, lakini bado inaelea. Akamweleza taratibu kwamba meli inasukuma maji kando, na uzito wa maji hayo ukilingana na uzito wake, inatulia hapo. Ukiongeza mzigo, lazima ishuke isukume mengine. Na ikitoka kwenye chumvi kuingia mtoni itashuka tena, maana maji baridi ni mepesi. Kisha akachota maji ya beseni kwa kikombe mpaka tako la sufuria likagusa chini.

"Unaona, Kaka? Haijazama. Lakini haiendi popote."

Polikarpo akacheka. "Shemeji, kumbe mumeo nilimpeleka akasomee mapishi." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Unakwenda, au nitafute wa kwenda?"

Nilimtazama Audax nikimwomba kwa macho akatae. Akasema, "Nakwenda, Kaka." Nikaurudisha unga wangu kwenye ndoo.

Meli ilikwama palepale alipopataja. Maji yalipokupwa, ilibaki imekalia fungu kwa tumbo, mbele na nyuma hakuna cha kuishika, na uzito wa saruji ukauvunja mkuku, yaani uti wake wa mgongo. Maji yaliporudi yakaingia ndani, na saruji yote ikawa jiwe. Tunashukuru hakufa mtu.

Kabla ya uchunguzi wa ajali, ukoo ulifanya kikao nyumbani kwa Polikarpo, Kinondoni. Shangazi yao ndiye aliyesema. Ikijulikana mwenye meli alilazimisha safari, bima haitatoa kitu, Polikarpo ataanguka, na watoto wote anaowasomesha wataanguka naye. Audax aseme alikosea mwenyewe kusoma jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Nahodha naye ni binadamu.

"Watamfutia cheti, shangazi," nikasema. "Na mtu huyu hajui kazi nyingine."

"Felicitas mwanangu, haya ni ya ukoo. Hebu tuangalizie chai."

Chai sikuiangalia, ila haikusaidia kitu. Siku ya uchunguzi Audax alisimama akasema alivyofundishwa, na cheti kikafutwa. Nilimchukia Polikarpo. Audax nilimchukia zaidi, kwa jinsi uongo ule ulivyomtoka vizuri, bila hata kigugumizi.

Bima ililipa, meli ikavutwa, ikachomelewa mkuku mpya. Audax aliposikia iko tayari, alipiga pasi shati lake jeupe la kazi, akaniambia twende kwa kaka, hawezi kumnyima kazi kwa ajili ya cheti. Njia nzima alikuwa anaongea kama mtu aliyepona.

Polikarpo alimkumbatia mlangoni. "Mdogo wangu, umeuokoa ukoo."

"Tunaanza lini, Kaka?"

"Aa, nimeshampata mtu, anaitwa Marselino. Watu wa bima hawataki asiye na cheti, si unajua." Akatukaribisha viti. "Nilitaka aondoke Jumanne, kasema maji hayatoshi, tungoje bamvua. Nikamwambia sawa, wewe ndiye nahodha."

Audax aliinamisha kichwa. Nilingoja amkumbushe ile sufuria.

"Kafanya vizuri, Kaka," akasema.