Mlango wa Gari la Baridi

Twaha Shemboza mwenyewe, akiisimulia habari hii, huanza na koti. Husema kwamba mtu yeyote aliyemwona pale Mombo saa sita mchana, jua likiwaka, naye amevaa koti zito la sufu la mitumba na kulifunga vifungo hadi shingoni, angejua palepale kwamba dereva huyu hakustahili kukabidhiwa hata baiskeli.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ya nje ilipofunguliwa. Bandarini vilishushwa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, na Mzee Selemani wa Lushoto, aliyekuwa na lori moja la mbao, akaagiza la pili: jeupe, kuukuu kidogo, lenye kontena la baridi na mashine yake ya kunguruma. Madereva walikuwa wawili, Twaha na Elinuru. Twaha ndiye aliyetangulia kazini, kwa hiyo lori lilipofika akaambiwa achague yeye kwanza. Alipewa hadi Ijumaa.

Lori la mzigo mkavu alilijua kama mfuko wa suruali yake. Lilishusha mbao za Shume, na juu ya mbao, chini ya turubai, palikuwa na nafasi ya kila mtu: godoro la mwalimu wa Soni, gunia la viazi la shangazi wa fulani, kitanda cha bibi harusi. Njia nzima watu walimpungia mkono. Gari la baridi lingebeba mboga za hoteli za Dar es Salaam, mshahara wake ulikuwa mnono zaidi, na sharti lake lilikuwa moja.

"Mlango unafunguliwa mara mbili," Mzee Selemani alisema. "Ukipakia na ukishusha. Basi."

Twaha aliomba ushauri kwa watu wapatao ishirini. Mkewe, Fatuma, alimwambia abaki na mbao. "Wewe huwezi kukaa na kitu bila kukionyesha," alisema. Twaha alimshukuru kwa ushauri mzuri, akaenda kununua koti.

Ukweli ni kwamba alikuwa ameshachagua zamani, lori likiwa bado baharini, na alikuwa amemwingiza mama mkwe wake katika uamuzi huo. Bi Zainabu alikuwa mjane wa Lukozi mwenye ngazi tatu za shamba mlimani, na ngazi hizo ndizo zilizomlisha mwaka mzima kwa viazi. Twaha alimwendea, akamwamkia, akakaa mbali kidogo kama inavyompasa mkwe, akamshauri aache viazi apande saladi.

"Nitaibeba mimi mwenyewe, mama. Itafika Dar ikiwa hai kama ilivyotoka hapa."

Bi Zainabu hakuwa mtu wa kubahatisha. "Haya, Baba Rahma," alisema. "Kwa kuwa ni wewe." Msimu ule hakupanda kiazi hata kimoja.

Siku ya safari ya kwanza ilikatwa saladi ya ngazi moja, mbili zikabaki zikikua. Twaha alipakia kwanza matenga ya wakulima wengine, ya mama mkwe akayaweka mwisho, karibu na mlango. Alijiambia kuwa ni heshima. Kumbe alitaka yawe mahali pa kuonyeshwa.

Kwenye paji la kontena kulikuwa na kisanduku cha kioo, na ndani yake karatasi ya duara na sindano ya wino. Mzee Selemani alikuwa amemkataza asikiguse. Twaha alikitazama asubuhi ile, akaona sindano haiendi, akaamua kuwa ni saa mbovu.

Wakaondoka, yeye na koti lake. Injini ilikuwa chini ya kiti, na kabla hajafika Soni jasho lilikuwa limeshaingia kwenye viatu. Hakulivua. Dereva wa gari la baridi anayetokwa na jasho akiwa na shati tu angeeleweka vipi?

Soni alisimama kwa fundi wa matairi, ingawa matairi yalikuwa mazima. "Baridi gani hiyo?" fundi aliuliza. "Si huku kwetu kuna baridi ya bure?" Twaha akaona huyu lazima aelimishwe. Akafungua mlango. "Weka mkono."

Mombo ndiko alikoharibikiwa kabisa. Kule chini joto halina mzaha, na watu waliposikia mashine inanguruma wakajipanga mstari wenyewe. Yunis, shoga wa Bi Zainabu wa tangu usichana, aliyekuwa akiuza wali pale stendi, aliingiza uso wake wote ndani akapiga vigelegele. Kisha akaingiza kreti la soda. Twaha akala wali taratibu, akafungua tena kulitoa kreti, na kila mtu akanywa soda ya baridi akimsifu. "Haya matenga ya hapa mlangoni," aliwaeleza, "ni ya mama mkwe wangu."

Korogwe akamfungulia binamu yake. Segera askari wa barabarani alimuuliza tu amebeba nini. Jibu la neno moja lingetosha. Twaha akashuka kufungua.

Dar es Salaam mzigo ulipokelewa na dada mmoja aitwaye Jackline, mwenye koti jeupe jepesi, na Twaha alipoliona koti lile alianza kulionea haya la kwake. Jackline hakuanza na mboga. Alikwenda kwenye ile saa mbovu, akatoa karatasi. Mstari wa wino, ulioandika joto la ndani saa kwa saa, ulikuwa umekwenda vizuri, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena na tena, kama mtu amechora milima ya kwao Twaha.

"Kaka, saa sita hapa gari lilikuwa wapi?"

"Mombo."

"Mombo kulikuwa na nini?"

"Wali," Twaha alisema, na mpaka leo hajui kwa nini hakusema uongo.

Matenga ya ndani yalipokelewa. Ya mlangoni, majani yalikuwa yamelala kama vitambaa vilivyoloa. Jackline aliyakataa yote, akagonga mhuri kwenye karatasi na kumpa airudishe.

Njia nzima ya kurudi Twaha alitunga uongo. Alikuwa na wa mashine, wa hoteli yenye dharau, na wa foleni ya Chalinze, ambao ndio alioupenda zaidi. Alifika Lukozi na uongo wake wote, akatoa shikamoo, akakaa mbali kidogo, karatasi ile mkononi.

"Salamu zako zimefika," Bi Zainabu alisema. "Fundi wa Soni kanisifia. Yunis naye kamtuma mtu kuniambia saladi yangu kaiona kwa macho yake, na soda kanywa." Akanyoosha mkono, akapewa karatasi. Hakuwahi kusoma shule, lakini barabara ile aliijua. Akaweka kidole kwenye kilele kirefu kuliko vyote. "Hapa Mombo?"

"Nilifungua, mama. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka wanione."

Bi Zainabu akaziangalia ngazi zake mbili zilizobaki. "Huyu Elinuru," alisema, "ni mtu wa maneno?"

"Haongei hata na mkewe."

"Basi saladi yangu aibebe yeye."

Maneno hayo yalimuuma Twaha kuliko matusi. Alikwenda mwenyewe kwa Mzee Selemani kuomba arudishiwe lori la mbao, akamkabidhi Elinuru funguo na koti. Elinuru alilipima koti kwa mkono. "Joto," alisema, akalirudisha. Saladi ya ngazi ya pili ikashuka naye, na Dar ikapokelewa yote.

Asubuhi hiyohiyo Elinuru alipoondoka, Bi Zainabu alimsimamisha Twaha barabarani, mbao zikiwa zimejaa na abiria wamekaa juu yake. Akampa kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba na kushonwa kwa kamba.

"Cha Yunis, Mombo. Kisifunguliwe njiani, Baba Rahma."

Twaha alikipakata mapajani kona zote za mlima. Alipofika, alikitoa kwa mikono miwili. Yunis akauliza kuna nini ndani.

"Sijui," Twaha alisema. "Sikufungua."

Abiria juu ya mbao wakaangua kicheko. Kutoka Lukozi hadi pale lori lilikuwa limesimama mara nne, na kila mahali dereva wao alishuka kuwaonyesha watu kikapu ambacho hakukifungua.

Yunis akakata kamba, akafunua jani. Ilikuwa saladi, mbichi, majani yamesimama wima. Twaha aliitazama mara moja, kisha akageuka haraka, akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.