Soketi Moja Dukani kwa Mama Waceke

Huyo anayepigiwa makofi hapa Kawangware ni ndugu yangu Sifuna, na mimi nimeshikwa na aibu. Tumetoka kwetu Gatwekera na kibawa cha eropleni alichokitengeneza, kimebandikwa utepe wa shaba. Ukikipa stima kali, hewa juu yake inageuka plazma, yaani gesi yenye chaji ya umeme, inang'aa zambarau, na barafu haishiki.

Mama Waceke, muuza kuku, alituazima friza yake ya kuku tukigandishe kibawa kishikwe na barafu. Leo majirani wamejaa kutazama. Soketi ni moja, kwa hivyo Sifuna akachomoa friza, akachomeka mtambo wake wa kukipa kibawa stima, kifuniko cha friza kikiwa wazi na kibawa kikiwa bado ndani. Mtambo ukatoa cheche moja, ukaungua. Lakini jua ni kali na watu wameinamia friza wakipumua, na baada ya muda barafu ikadondoka yenyewe kutoka kwenye kibawa.

"Imejipa!" wakapiga kelele, wakidhani ni mtambo uliofanya kazi.

Nikangoja Sifuna aseme ukweli. Bure kabisa! Akainamisha kichwa, Mama Waceke akamwekea mkono kichwani, akaanza kumwombea. Friza bado imechomolewa. Maji ya kuku wake wanaoyeyuka humo yanatiririka hadi kwenye viatu vyangu, na anayeitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko wote ni Sifuna.